Alama za Kuanguka

Nyalukemba, Bukavu, tarehe 11 mwezi wa pili 2024

Mutoto wangu Chancelle,

Nakusalimia sana. Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Mvua haijapumzika tangu Noeli. Ukuta wa parcelle, kiwanja chetu, upande wa jirani umeanguka, bahati hapakuwa mutu chini yake. Mugongo unaniuma asubuhi, lakini hiyo ni miaka, haiko ugonjwa. Misa ya kumukumbuka mama yako, dada yangu, ilisomwa wiki iliyopita na watu walikuja wengi. Ni binti yangu Colombe tu alikosa. Aliteleza ndani ya douche akioga, mukono ukavimba. Bwana yake Didier alikuja peke yake, akaleta samaki za sambaza, akakaa na mimi mpaka jioni akisikiliza hadithi zangu, mimi mwalimu wa retraite niliyestaafu. Beau-fils, mukwe kama huyu, wazee wengine wanamutafuta na hawamupate.

Sasa nakuja kwa jambo lenyewe.

Maman Domitille alirudi kutoka Kampala na mizigo yake ya vitenge. Alifika hapa, akakataa kuketi, nikajua kuna neno. Alisema alikuona kwenye misa ya Wakongomani kule: mukono umefungwa na kitambaa shingoni, kidevu kimechubuka, chini ya jicho rangi ya zambarau. Alipokuuliza, ulicheka, ukamujibu: "Ni course, maman."

Course gani? Mimi nilikutuma usome comptabilité, hesabu za pesa. Nimekaa darasani na watoto wa watu maisha yangu yote, najua mutoto anacheka namna gani wakati anaficha kitu. Huyo mwanaume ni nani? Usiogope, mimi mujomba wako sitakugombeza. Lakini usinipigie simu. Kwa simu mutu anasema réseau ni mbaya, anakata. Kwa karatasi lazima akae chini na afikiri. Maman Domitille amekubali kutubebea barua.

Nyamuzinda, Mungu wetu, akulinde usiku na mchana.

Tonton yako,
Grégoire


Kampala, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Tonton wangu mupendwa,

Barua yako nimeipokea, nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma tena nimeketi kama ulivyotaka. Pole kwa mugongo na kwa ukuta. Mimi niko muzima. Huku jua ni kali na ndizi ni nyingi. Salimia Colombe, na mutoto wake mudogo Sagesse. Je, mukono umepona? Aliteleza namna gani? Simu yake inaita na hakuna mutu anajibu.

Tonton, hakuna mwanaume.

Comptabilité niliimaliza mwaka jana, diplome iko hapa mbele yangu. Asubuhi nafanya kazi kwenye duka la vipuri vya pikipiki. Ni pale nilianza. Kuna mchezo unaitwa motocross, mbio za pikipiki; ndiyo ile course. Ni pikipiki nyepesi, magurudumu yenye meno, na njia ya udongo iliyochimbwa vilima na mashimo. Munaondoka wote pamoja kama mbuzi waliofunguliwa, munaruka vilima, munazunguka, na wa kwanza kufika ndiye anashinda. Mimi niko katika équipe, timu ya wanawake. Mwezi wa kwanza mwenzangu aliniangukia kwenye kona. Mukono ukateguka, na miwani ikanigonga chini ya jicho. Ndiyo ile rangi Maman Domitille aliona.

Sikukuambia sababu nilijua utaogopa. Lakini sasa nikuambie yote: hii mchezo itakuwa kubwa. Course ya mwisho watu walijaza kilima chote, familia na watoto wao, watu wanachoma nyama, wanapiga vuvuzela. Télé moja ya hapa inatuonyesha jumapili, baada ya mupira. Wazungu wako na magari yao ya mbio, hayo sisi hatuyajui. Lakini pikipiki! Nani kati ya Bukavu na Sange hajabebwa na pikipiki kwenye matope na roho iko mukononi? Watu wetu wanaielewa hii mchezo kabla haijaelezwa. Ni kuionyesha tu.

Nakutumia na photo. Namba tisa ni mimi.

Mutoto wako,
Chancelle


Nyalukemba, Bukavu, tarehe 14 mwezi wa nne 2024

Chancelle mutoto wangu,

Salamu nyingi baada ya Pasaka. Maman Domitille alikawia kwa mupaka, ndiyo sababu ya kimya yangu. Huku kodi, bei na mvua, vyote vinapanda. Colombe alianguka tena, mara hii kwenye ngazi za nyumbani kwao Muhumba. Mikono na magoti ni mizima, Mungu ni mwema. Ni jicho na sikio tu. Didier anasema ni damu imepungua, anapata kizunguzungu. Amemuchukulia simu ili apumzike vizuri. Anamuchunga kama yai.

Photo niliiona. Mutu ndani ya kofia ya casque anaweza kuwa mutu yeyote.

Nimefanya uchunguzi wangu. Nilienda kwa muandishi wa habari wa michezo kwenye radio moja ya hapa, kijana niliyemufundisha. Akaniambia: "Professeur, mimi natangaza mupira, basket na ngumi. Hiyo nyingine hata musikilizaji mumoja hajawahi kuniuliza." Halafu nikashuka mpaka soko ya Nyawera, nikawauliza motards, vijana wa pikipiki, waliosimama wanangoja wateja. Walicheka mpaka mumoja akashika tumbo. "Papa, nani atakuja kuangalia pikipiki inateleza kwenye matope? Hapa tunaionyesha bure kila siku!" Mwengine akasema, mwanamke akianguka na pikipiki watu wataenda kumuokota, hawatapiga makofi.

Basi fikiria mahali pangu. Kitu ambacho watu wengi wanapenda hakijifiche. Mupira, hata bibi kizee wa Kalehe anajua bao ni nini. Hii yako inajulikana na nani? Na wewe tu, na mutu anayekupiga.

Nilimuonyesha Didier barua yako, ananisaidia kufikiri. Aliisoma polepole, akatikisa kichwa, akasema: "Papa, alama kama zile hazitoke kwa kuanguka. Jicho ni mukono wa mutu." Didier ni mutu anaona mbali.

Nangoja jina la huyo mwanaume.

Tonton yako,
Grégoire


Kampala, tarehe 26 mwezi wa tano 2024

Tonton,

Nakusalimia kwa heshima. Natumaini mugongo umetulia. Mimi ni muzima.

Barua yako ilikaa juu ya meza yangu wiki nyingi. Niliandika jibu la kwanza, nikalichana. La pili vilevile. Lilikuwa la hasira.

Motards wa Nyawera, nawaelewa. Na sitakudanganya kwamba kila kitu huku ni kizuri. Pikipiki moja inamaliza mutu nguvu kuitengeneza. Wakubwa wa chama wanagombana. Mvua ikinyesha siku ya course, télé inaonyesha marudio ya mupira. Kuna watu wanakuja kutuangalia sisi wanawake ili wacheke. Lakini wanaketi, Tonton. Wanakuja kucheka, halafu mbio ya pili wanajua majina yetu. Sijui kama itachukua miaka miwili ao kumi na mbili. Najua tu kile naona.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu kuna kitu kingine naona.

Mimi nimeanguka mara nyingi kuliko watu wote unaowajua. Kuanguka ni kazi yangu. Mutu akianguka, mikono inatangulia bila yeye kuiambia. Kiganja kinachubuka, kiwiko, goti, mufupa wa bega. Uso ni wa mwisho, na ukiguswa, mikono imeshaguswa. Hata mimi, ile siku ya miwani, mukono ulikuwa umeteguka tayari. Wewe umeniandikia kwamba Colombe alianguka kwenye ngazi na mikono na magoti ni mizima, ni jicho na sikio tu.

Sikio, Tonton. Nani anaangukia sikio?

Na Didier amejuaje kwamba jicho ni mukono wa mutu?

Nenda Muhumba bila kupiga hodi ya mapema. Nenda saa Didier iko kazini kwa bureau. Umuangalie Colombe mikono yake ya juu, karibu na bega. Sitaki kusema zaidi.

Mutoto wako,
Chancelle


Nyalukemba, tarehe 16 mwezi wa sita 2024

Chancelle,

Nimepokea barua.

Mutu anayekimbia moshi wa nyumba yake hatupe makaa kwa nyumba ya dada yake. Didier anaongoza chorale, waimbaji wa parokia. Hajawahi kuinua sauti mbele yangu. Uliniuliza mambo ya Colombe ili nisahau kukuuliza mambo yako. Hiyo ni akili ya wanafunzi, naijua.

Colombe iko bien, ni muzima.

Usiniandikie tena habari hizo.

Grégoire


Kampala, tarehe 7 mwezi wa saba 2024

Tonton wangu,

Salamu. Nimetii, sitaandika tena habari hizo.

Naandika habari yangu. Unasema kuna mwanaume. Basi kuja umutafute. Tarehe 25 mwezi wa nane ni course ya mwisho ya mwaka kwa wanawake. Kuja uone mahali nalala, duka nafanya kazi, watu naishi nao. Ukikuta huyo mwanaume, ao ukikuta hakuna course, nitafunga mizigo siku ileile, tutarudi wote Bukavu, na nitafanya kazi kwenye bureau yoyote utanichagulia. Neno langu ni hilo.

Lakini usije peke yako na ule mugongo. Kuja na Colombe akubebee sac ya nguo, na alete Sagesse. Kama iko bien, safari haitamushinda.

Nakungoja.

Chancelle


Nyalukemba, tarehe 4 mwezi wa nane 2024

Mutoto wangu Chancelle,

Nakusalimia. Sisi ni wazima. Nasema sisi, kwa sababu nyumba haiko tupu tena.

Nilipopata barua yako, nilifurahi kwa ubaya. Nilisema: sasa nitamukamata huyo mwanaume. Nikapanda Muhumba jioni moja kumuomba Didier ruhusa ya kusafiri na bibi yake. Sikuenda kwa kile ulichoniandikia. Nataka ujue hiyo.

Walinipokea vizuri. Colombe alileta chai, amevaa mikono mirefu, na joto lilikuwa jingi. Nikaeleza mambo ya Kampala. Didier akasema: "Papa, hawezi kusafiri. Ataanguka njiani."

"Bus iko na viti," nikamujibu.

"Damu yake ni kidogo."

"Basi hospitali wanasema nini?"

"Mimi namutunza hapahapa."

Simu ya Didier ikaita juu ya kabati. Alisimama kuichukua, ni hiyo tu, alisimama. Na Colombe akainua mukono akafunika uso.

Aliushusha haraka. Akajifanya anapanga nywele. Didier alikuwa anaongea na simu, mugongo kwetu, hakuona. Mimi niliona. Sagesse naye aliona, na hakushangaa.

Didier alikulia Kinshasa, hasikie Mashi, luga yetu. Nikamuuliza Colombe kwa Mashi, kwa sauti ya kuomba sukari: "Ni yeye?"

Naye kwa sauti ileile: "Papa, usiniulize hapa."

Chancelle, niliweka kikombe chini. Mudomo ulikumbuka kazi. Nikasema kwa sauti ya darasa: "Colombe, chukua mutoto. Tunaenda kupiga photo za safari, kesho watakuwa wamefunga." Didier alifunika simu na kiganja, akauliza tutarudi saa ngapi. Nikasema tukimaliza.

Hatujarudi. Alikuja kesho yake na watu wawili wa heshima, wakasimama mbele ya mulango, nikawaambia kupitia dirisha kwamba mugonjwa analala. Walirudi mara nyingine. Mambo mengine Colombe aliniambia usiku ule, sitayaandika.

Sitakuja Kampala. Mutu lazima abaki hapa, waone nyumba iko na mutu. Colombe na Sagesse watapanda na Maman Domitille. Usimuambie mutu tarehe. Na huyo mwanaume wako, bado nataka kujua kama iko ao haiko; Colombe ataniambia.

Tonton yako,
Grégoire


Kampala, tarehe 1 mwezi wa tisa 2024

Tonton wangu mupendwa,

Pokea salamu zetu watatu. Walifika wamechoka na vumbi mpaka kwenye masikio. Sagesse anakula ndizi kama atafunga kesho. Colombe analala sana; siku za kwanza alikuwa analala na viatu.

Nikuelezee course. Asubuhi mvua ilipiga, nikazani wataahirisha kila kitu. Lakini watu walikuja wamebeba nailoni juu ya vichwa, na gari la télé likafika. Nilimuweka Colombe nyuma ya kamba inayozuia watu, pamoja na mama wa mwenzangu, nikamuambia: "Usisogee hapa."

Zunguko la pili nilikuwa wa tatu. Nikaruka kilima kirefu, gurudumu la mbele likashuka vibaya, na nikaruka peke yangu, pikipiki upande wake. Nilianguka vile nilikuelezea: viganja, kiwiko, bega. Nikalala kwenye matope kidogo nipate hewa.

Na nikasikia mutu anapiga kelele kwa Mashi.

Ni Colombe. Amepita chini ya kamba, ameinua kitenge mpaka magotini, anakimbia katikati ya njia, pikipiki zinamupita kushoto na kuume. Watu wa bendera wanamupigia filimbi, hasikie. Akanifikia, akanishika casque na mikono miwili. "Nani amekupiga? Nani?"

"Hakuna mutu, dada. Nimeanguka."

Aligeuza viganja vyangu, akaona vimechubuka. Halafu akasema, "Basi simama," na akanisaidia kuinua pikipiki.

Nilimaliza wa sita. Kilima chote kilikuwa kimesimama.

Sasa kuna kitu kinanipa wasiwasi. Wa télé hawakuonyesha aliyeshinda. Walionyesha mwanamke wa kitenge anakimbia kwenye matope katikati ya pikipiki. Wakairudia, watu wakaituma kwa simu, na sasa imeenda mbali. Dukani wateja wananiuliza course nyingine ni lini. Watu ambao hawakuwahi kujua motocross ni nini wanataka tiketi. Kocha anacheka peke yake kama amerithi. Mimi sijui kama wanapenda mchezo wetu ao wanapenda kucheka, na sijui kama watarudi. Mwaka ujao utatuonyesha.

Lakini uso wake unaonekana wazi, Tonton. Hiyo video itafika Bukavu, kama haijafika. Na Didier iko na simu. Nilitaka kuwaomba waifute. Colombe alikataa. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. Alisema tu: "Acha aone."

Funga mulango vizuri.

Chancelle


Nyalukemba, Bukavu, tarehe 22 mwezi wa tisa 2024

Mutoto wangu Chancelle,

Nawasalimia wote watatu, na huyo kocha pia. Mimi ni muzima. Jirani ameanza kujenga ukuta tena. Mvua za mwezi wa tisa zimeanza kwa adabu.

Video ilifika kabla ya barua yako. Nilikuwa Nyawera natafuta maharagi, motard mumoja akaniita: "Papa professeur! Hii ndiyo course ulikuwa unatuuliza?" Walikuwa wamezunguka simu moja, vichwa kumi. Wanagombana juu ya kile kilima, kama ungepaswa kushuka na gurudumu la nyuma kwanza. Wanasema hata upande wa kuelekea Sange kuna udongo mzuri wa kuchimba njia kama ile. Sikuwaambia namba tisa ni mutoto wangu. Nilisimama tu nikasikiliza. Halafu nikawaambia.

Didier alikuja jumapili baada ya misa. Peke yake mara hii. Sikumufungulia, nilitoka mimi mwenyewe kwenye barza, mbele ya nyumba. Akanionyesha simu. "Papa, ulisema ni mugonjwa, analala. Na bibi yangu iko Kampala, watu wa parokia yote wanamuona na magoti nje!"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno mengi, mutoto wangu. Niliyaacha. Nikachukua simu mukononi mwake, nikaiangalia mpaka mwisho, nikamurudishia.

"Didier," nikamuambia, "huyu ndiye ulisema hawezi kushuka ngazi za nyumba bila kuanguka?"

Majirani walikuwa wameshatoka kwenye milango yao. Mama mumoja aliomba naye aone, akachukua simu, akaita wengine. Wakaiangalia pale pale, mbele yake, na hakuna mutu alicheka. Didier alingoja simu yake imurudie, akaenda. Nimeshaenda kwa padri, nimeenda na kwa avocat, mutu wa sheria, na ndugu zake wameitwa. Haitakuwa rahisi. Anasema atamutaka mutoto. Colombe asirudi kwanza.

Barua aliyoniandikia, umuambie nimeipata. Kuhusu lile swali langu alijibu: "Papa, nimetafuta nyumba nzima, hata chini ya kitanda. Kuna pikipiki tu." Nimeridhika.

Sasa, hiyo course nyingine ni tarehe gani? Nitakuja mimi. Sitakuja kuchunguza mutu. Uniambie tu ni upande gani wa kilima mutu anasimama ili aone vizuri, na kama wanaruhusu muzee alete kiti chake.

Tonton yako,
Grégoire